Wahusika Wadogo katika Hadithi za Garimoshi za W. Awdry: Suala la Manufaa na Hatima

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto umezoea kuanza na mhusika mkuu na kuishia kwake. Jina lake ndilo huandikwa juu ya jalada, ndilo hukumbukwa na mtoto, na ndilo hutafutwa na mhakiki anapotaka kueleza dhamira ya kitabu. Wahusika wadogo hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kwamba wapo ili kumjenga mhusika mkuu, kisha huachwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo haitoshi kila mahali. Katika hadithi za garimoshi za W. Awdry, mfululizo mashuhuri wa vitabu vya watoto vya Uingereza, swali zito kuliko yote limebebwa na wale waliopewa nafasi ndogo kuliko wote.

Awdry (1911-1997) alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Alianza kumsimulia mwanawe Christopher hadithi hizo mwaka 1943, mtoto alipokuwa kitandani kwa ugonjwa wa surua. Kitabu cha kwanza kilichapishwa mwaka 1945, na cha 26, cha mwisho kuandikwa naye, mwaka 1972. Christopher aliuendeleza mfululizo kuanzia mwaka 1983, hata vitabu vikafikia 42 mwaka 2011. Kwa kawaida kila kitabu ni kidogo, chenye hadithi fupi nne na picha za rangi. Wahusika wake ni vichwa vya garimoshi vinavyoendeshwa kwa mvuke, vyenye nyuso, sauti na tabia za kibinadamu. Mandhari yake ni Sodor, kisiwa cha kubuniwa kilichowekwa kati ya Kisiwa cha Man na Uingereza.

Msomaji wa kawaida huwajua Thomas, Gordon, Henry, Edward, James na Percy. Ni wachache wanaomkumbuka Stanley au Godred. Hata hivyo, hawa wawili na wenzao ndio wanaojibu swali ambalo Thomas na Gordon hawaruhusiwi kulijibu: je, injini ambayo haina manufaa tena hupatwa na nini?

2. Kipimo cha manufaa

Ulimwengu wa Sodor una kipimo kimoja cha thamani. Injini njema ni ile yenye manufaa: inayofika kwa wakati, inayovuta mizigo bila kununa, isiyojivuna na isiyodharau kazi ndogo. Anayepima ni Mkurugenzi Mnene, msimamizi wa reli, ambaye hutoa tuzo na adhabu. Thomas hupewa njia yake mwenyewe ya reli baada ya kuwaletea msaada waliopatwa na ajali. James hunyimwa kazi na kufungiwa bandani, kisha hupewa nafasi ya kujirekebisha. Msuko wa hadithi nyingi unafuata mkondo huo: kiburi, anguko, aibu, toba, na mwishowe kazi mpya.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika kitabu cha kwanza. Henry anakataa kutoka ndani ya tundu la mlima kwa kuogopa mvua isimharibie rangi yake. Adhabu yake ni kuachwa humo na kujengewa ukuta wa matofali mbele. Kwa namna Awdry alivyoiandika mwanzoni, habari ya Henry ilikoma hapo: mhusika amefungiwa gizani, na kitabu kimekwisha. Hadithi ya nne, ambamo Henry anafunguliwa ili kumsaidia Gordon aliyeharibika njiani, iliongezwa kwa sababu mchapishaji alitaka injini hizo tatu zipatanishwe. Basi msamaha ambao leo unaonekana kuwa nguzo ya mfululizo mzima uliingia kupitia mlango wa mchapishaji, baada ya mtunzi kukubali kwamba kitabu cha watoto hakiwezi kuachwa na mhusika nyuma ya ukuta.

Tangu hapo kukawa na kanuni, ambayo Awdry mwenyewe anajulikana kuieleza: injini zake huadhibiwa na kusamehewa, lakini hazivunjwi kuwa chuma chakavu. Wahakiki wengi wameipokea kanuni hiyo kama maelezo kamili ya falsafa ya vitabu hivi. Inafaa kuipima kwa kuwatazama wale walio pembezoni.

3. Wasio na jina

Hadithi ya kwanza kabisa inamweka Edward katika banda moja na injini nyingine tano, zote kubwa kuliko yeye, zote zenye kujisifu. Katika hadithi hiyo hazipewi majina. Kazi yao ni kumcheka Edward ili msomaji amhurumie, na siku inayofuata kuona wivu anapochaguliwa. Hapa maelezo ya kawaida ya wahusika wadogo yanatosha: ni wahusika bapa, kwa maana aliyoiweka E. M. Forster mwaka 1927, waliojengwa juu ya sifa moja tu.

Lakini hata katika mfano huu mwepesi kuna jambo la kuzingatia. Jina katika Sodor si pambo. Mwaka 1960 Awdry aliandika juu ya pacha wawili kutoka Uskoti, Donald na Douglas. Mkurugenzi alikuwa ameagiza injini moja tu, zikaja mbili, nazo hazikuwa na namba. Bila namba haikuwezekana kujua ni yupi aliyeagizwa na ni yupi wa kurudishwa, na kurudishwa kulikuwa na maana ya kuvunjwa. Kuwa na jina na rangi ya reli ya Sodor ni kuwa na mahali pa kuishi. Kukosa jina ni kuwa karibu na yadi ya chuma chakavu. Kwa hiyo wale watano wa banda la Edward hawakosi jina kwa bahati tu. Ni mpaka wa kwanza unaochorwa baina ya injini ambazo hadithi itazilinda na zile ambazo haina habari nazo.

4. Stanley na Godred

Stanley anatajwa katika kitabu cha 25, cha mwaka 1970. Alikuwa Namba 2 wa reli ndogo ya milimani iliyokuwa ikihudumiwa pia na injini mzee aitwaye Duke. Stanley alikwenda ovyo, akawa anaanguka nje ya reli mara kwa mara, wala hakusikia maonyo. Mwishowe hakurekebishwa wala hakuuzwa. Aligeuzwa kuwa pampu, akawekwa nyuma ya banda, na huko akabaki.

Godred yumo katika kitabu cha 19, cha mwaka 1964, kinachohusu reli ya kupanda mlima. Alikuwa Namba 1, aliyepewa jina la mfalme wa kale wa Kisiwa cha Man, akajiona hapaswi kuangalia njia kwa makini. Siku moja alipoteza mshiko wa meno ya reli, akabingirika mlimani. Hakutengenezwa tena. Aliwekwa nyuma ya banda, vipande vyake vikatolewa kimoja kimoja kuwatengenezea wenzake, mpaka hakikubaki kitu. Kisa hicho kina chanzo cha kweli. Reli ya mlima Snowdon, huko Wales, ilifunguliwa tarehe 6 Aprili 1896, na siku hiyohiyo injini yake Namba 1, iliyoitwa Ladas, ilitoka relini na kuporomoka. Abiria mmoja aliyeruka kutoka kwenye behewa alifariki. Namba 1 haikurudishwa kazini wala haikupata badala yake. Awdry alikiondoa kifo cha mwanadamu katika hadithi yake. Kifo cha injini alikiacha.

Visa hivi viwili vinaipinga kanuni waziwazi. Yafaa kutazama jinsi mtunzi alivyovipitisha. Hakuna hata kimoja kinachosimuliwa moja kwa moja na msimulizi mkuu. Kisa cha Stanley kinasimuliwa na Duke kwa injini vijana, Falcon na Stuart. Kisa cha Godred kinasimuliwa na Culdee, mzee wa reli ya mlima. Yote mawili ni hadithi ndani ya hadithi, nayo yametolewa kwa shabaha ileile ambayo wazee hutolea hadithi penye moto jioni: kuwaonya vijana. Msimulizi mkuu hajawahi kuivunja injini yoyote mbele ya macho ya mtoto. Wahusika wake ndio wanaosema kwamba zamani, mahali pengine, kuna mwenzao aliyevunjwa.

Mbinu hiyo inaihifadhi kanuni juu juu, huku ikiruhusu ukweli uingie kwa mlango wa nyuma. Msomaji mtoto anahakikishiwa kwamba Thomas hatavunjwa kamwe. Wakati huohuo anasikia kwamba kuvunjwa kupo. Mhusika mkuu hawezi kuubeba ukweli huo, kwa sababu anahitajika katika kitabu kijacho. Mhusika mdogo anaweza, kwa kuwa hakuna anayemngoja.

5. Historia iliyo nje ya kurasa

Ukweli huo haukuwa wa kubuni. Reli za Uingereza zilitaifishwa tarehe 1 Januari 1948, zikiwa na injini za mvuke zipatazo 20,000. Mpango wa mwaka 1955 uliamua kuziondoa na kuweka za dizeli na za umeme mahali pake. Injini ya mwisho ya mvuke kuundwa kwa ajili ya reli hizo ilitoka karakana ya Swindon mwaka 1960. Tarehe 11 Agosti 1968 ilipita safari ya kuagana, na huduma ya mvuke katika njia kuu za taifa ikakoma. Katika muda wa miaka 20 maelfu kwa maelfu ya injini, nyingine zikiwa changa bado, zilikatwa vipande.

Wahusika wadogo wa vitabu vya miaka ya 1960 wanatoka katika maangamizi hayo. Stepney, wa kitabu cha mwaka 1963, ni injini halisi iliyookolewa na reli ya Bluebell katika jimbo la Sussex, ambayo ilianza kuendeshwa na watu wa kujitolea mwaka 1960. Anapofika Sodor anawatajia wenyeji majina ya wenzake waliopona, kama vile Bluebell na Primrose. Injini hizo hazitendi lolote katika hadithi zaidi ya kutajwa. Lakini kutajwa kwao ndiko habari yenyewe: orodha ya majina ni orodha ya walio hai.

Mwaka 1968, mwaka uleule mvuke ulipokoma, kilitoka kitabu cha 23. Ndani yake Gordon ana huzuni kwa sababu ndugu zake wa karakana moja wamevunjwa. Anayebaki ni mmoja, Flying Scotsman, injini halisi iliyonunuliwa na mtu binafsi mwaka 1963, ambaye analetwa kumtembelea. Ndugu wengine hawana majina wala sura. Katika kitabu hichohicho Douglas anamkuta Oliver, injini mtoro, amejificha karibu na yadi ya chuma chakavu akiwa ameishiwa makaa ya mawe, naye anamvuta usiku mpaka Sodor. Oliver anakuwa mhusika mwenye kitabu chake mwaka uliofuata. Wale ambao hawakuweza kutoroka wanabaki katika maneno yake tu.

Ni kweli kwamba si kila mhusika mdogo ni wa msiba. City of Truro, anayepita katika kitabu cha mwaka 1958, ni injini halisi inayosifiwa kwa kupita kasi ya maili 100 kwa saa mwaka 1904, na iliyotolewa katika makumbusho ya York mwaka 1957 ili ifanye kazi tena. Anafika kama mgeni wa heshima, anazungumza kidogo, anaondoka, na Gordon kwa wivu anajaribu kumwiga mpaka anaaibika. Huyu ni mhusika wa kioo: yupo ili mwingine ajione. Hata hivyo hadhi yake inatokana na hali ileile, kwamba ameponyoka.

6. Duke na kuporomoka kwa hoja

Kufikia hapa ingewezekana kuhitimisha kwamba Awdry alifundisha nidhamu kwa vitisho: fanya kazi vema usije ukawa pampu. Wako wasomaji wanaoviona vitabu hivi kuwa hivyo, nao wanavilaumu kwa kuwafundisha watoto kwamba thamani ya mtu ni jasho lake. Lawama hiyo ina msingi, na haifai kupuuzwa. Lakini kitabu cha 25 chenyewe kinaijibu.

Duke, anayewatisha vijana kwa kisa cha Stanley, ni mfano wa utumishi mwema. Ni mtiifu, mwangalifu, na anaamini kwamba bwana mkubwa ambaye amepewa jina lake hatakubali mambo yaharibike. Kisha reli inafungwa. Wanunuzi wanafika, wanawachukua Falcon na Stuart, lakini Duke hawamtaki kwa kuwa ni mzee mno. Anafunikwa na kuachwa katika banda lake. Miaka inapita, udongo na majani vinalifukia banda, naye anasahauliwa mpaka watu wachache waliokuwa wakimtafuta wanamgundua, mmoja wao akitumbukia ndani kwa kupitia paa.

Stanley na Duke wanatofautiana katika kila jambo la tabia, lakini wanakutana katika hatima: wote wawili wanaachwa bandani. Mmoja aliachwa kwa uovu wake, mwingine kwa uzee wake. Hesabu ambayo Duke mwenyewe aliwafundisha vijana, kwamba anayefaa hatatupwa, inaharibika juu ya mwili wake. Kinachomwokoa si manufaa, kwa maana wakati ule hakuwa na manufaa yoyote. Kinachomwokoa ni kwamba kuna waliomkumbuka na kwenda kumtafuta.

Msomaji anayemruka Stanley haoni jambo hili. Bila Stanley, kisa cha Duke ni hadithi tamu ya mzee aliyepatikana. Pamoja na Stanley, ni swali: kwa nini hakuna aliyekwenda kumtafuta yule mwingine?

7. Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba usomaji wa namna hii unawabebesha wahusika hawa mzigo mkubwa kuliko mabega yao. Stanley ana aya chache tu, na mtunzi wa hadithi fupi hana nafasi ya kumkuza kila mmoja. Aidha yamkini mtoto hucheka anaposikia habari ya pampu.

Pingamizi hilo ni la haki kuhusu wale watano wa banda la Edward, na kwa sehemu kuhusu City of Truro. Halitoshi kuhusu wengine. Awdry alikuwa mwandishi mwenye kujali mno historia ya kisiwa chake. Yeye na nduguye George waliifanyia kazi kwa miaka mingi, na mwaka 1987 wakatoa kitabu kizima juu ya watu, historia na reli za Sodor. Mtunzi wa namna hiyo hawasahau wahusika kwa uzembe. Tena mpangilio umejirudia mno kuwa wa bahati: Godred, Stanley, ndugu za Gordon na wenzake Oliver wote wanaangamia mbali na jukwaa, na habari zao zinaletwa kwa kinywa cha mhusika mwingine. Jambo linalotokea mara moja ni tukio. Likirudiwa mara nne ni mbinu.

Kuhusu kicheko, hakipingani na uzito. Ngano za Sungura na Fisi huchekesha, na Fisi hufa.

8. Suala la upatanisho wa kisarufi

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, wahusika hawa wanazusha tatizo ambalo mhakiki wa Kiingereza hukutana nalo kwa nadra. Kiingereza kina kiwakilishi cha mtu na cha kitu, na Awdry aliwapa injini zake kile cha mtu. Kiswahili kinadai uamuzi huo katika kila kitenzi, kila kivumishi na kila kionyeshi. Je, injini ilisema, au alisema? Kichwa cha garimoshi kiliona aibu, au aliona aibu?

Kwa Thomas jibu ni rahisi, kwani lugha imekwisha kulitoa katika ngano za wanyama. Kiboko, chura na kipepeo wana maumbo ya ngeli nyingine, lakini hupatanishwa kwa a- na wa-. Mhusika mwenye uso na sauti atafuata njia hiyo. Ugumu uko kwa Stanley. Baada ya kugeuzwa pampu, mfasiri ataandika anapiga maji au inapiga maji? Na Godred, kilipobaki kipande cha mwisho, aliisha au iliisha?

Mfasiri atakayehama kutoka a- hadi i- atakuwa ametoa hukumu. Kwa silabi moja atakuwa amesema kwamba aliyepoteza manufaa amepoteza utu, jambo ambalo matini ya Awdry haisemi. Lugha yenyewe inaelekeza kwingine. Kipofu, kiziwi na kiwete wamo katika umbo la ki-, lakini katika Kiswahili sanifu hawasemwi kwa ki-. Husemwa amekuja, anaketi, amekula. Hata maiti, ambayo huweza kupatanishwa kwa i-, hupatanishwa pia kwa a-. Ulemavu hauondoi a-, na kifo hakilazimishi kuiondoa. Ni sahihi zaidi, basi, Stanley aendelee kuwa a- nyuma ya banda lake.

Katika Kiswahili cha mitaani Lubumbashi, ambamo upatanisho wa ngeli ni mwepesi kuliko katika Kiswahili sanifu, tofauti hii haitasikika kwa nguvu ileile. Hiyo ni sababu nyingine ya kuizungumza darasani: mwanafunzi anaona kwamba sarufi ya ngeli, anayoijifunza kama orodha ya viambishi, inaweza kuwa uamuzi juu ya nani ahesabiwe kuwa mtu.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wahusika wadogo wa hadithi za Awdry hawawezi wote kuelezwa kwa neno moja la bapa. Wako wanaojaza banda, wako walio vioo, na wako wanaobeba hatima ambayo mfululizo umewaepusha wakubwa. Kundi hili la tatu ndilo linaloyakinga mafundisho ya vitabu yasiwe mepesi. Kwa sababu yao msomaji anajua kwamba msamaha wa Sodor haukuwafikia wote, na kwamba manufaa, hata yakiwa makubwa, hayakumtosha Duke.

Kwa uhakiki wa fasihi ya watoto, funzo ni la kiutaratibu. Mhakiki asimalize kazi kwa kuuliza mhusika mdogo anamsaidiaje mhusika mkuu. Aulize pia ni nani anayeisimulia habari yake, kwa nini haikusimuliwa mbele ya macho, na ni jambo gani lingebadilika katika kitabu kama mhusika huyo angeondolewa. Akimwondoa Stanley, maneno machache tu yatapungua, ila Duke atabaki bila mtu wa kulinganishwa naye.

Aidha, mwalimu atakayezitumia hadithi hizi, au atakayejaribu kuzifasiri, asianze na Thomas. Aanze nyuma ya banda, palipo na pampu na vipande, kisha arudi kwenye reli. Mtoto aliyeanzia huko atamwelewa Thomas vizuri zaidi, maana atajua ni jambo gani Thomas ameepushwa nalo.